Kufukua Mashimo ya Tope Baina ya Moto na Masika

Mtu asafiriye kwa njia itokayo Kilifi kwenda Ganze na Bamba katika mwezi wa Februari au Machi huiona nchi ikifuka moshi. Kaskazi ingali ikivuma, majani yamekauka hata yanavunjika mkononi, na wakulima wanafyeka na kuchoma ili mashamba yawe tayari kabla ya masika. Jioni moto huonekana ukitambaa vilimani kama mshipi mwekundu, na asubuhi yake palipokuwa na vichaka huwa peusi, na visiki vinafuka polepole. Kazi hiyo ni ya zamani, wala si haki kumlaumu mkulima mwenye jembe moja kwa kutumia moto, maana moto ndio kibarua wake asiyedai mshahara. Walakini kibarua huyo amalizapo kazi huacha deni nyuma yake, na deni hilo mara nyingi hulipwa na mtu mwingine akaaye bondeni.

Nchi ya nyika iliyo nyuma ya pwani hii haina maji ya kuchezea. Ukingoni mwa bahari, Malindi na Kilifi, mvua ya mwaka hufika milimita 1,000 au hupita. Lakini kadiri mtu aendavyo bara ndivyo mvua inavyopungua, hata katika sehemu za Ganze, Bamba na Magarini ya ndani mwaka mmoja huwa wa mavuno na wa pili huwa wa njaa. Wakazi wa Ganze hawajausahau ukame wa 2021 na 2022. Visima vingi vya huko vikichimbwa hutoa maji ya chumvi, na mito midogo hukauka mara mvua inapokatika. Kwa hiyo watu na wanyama hutegemea malambo, yaani mabwawa yaliyochimbwa bondeni ili kupokea maji ya mvua yateremkayo. Lambo likijaa mwezi wa Mei, kijiji kina amani. Lambo likikauka mapema, mama huamka usiku na madumu yake, na shule huona watoto wachache darasani.

Mahali maji yaingiapo katika lambo, wachimbaji wenye busara huacha shimo dogo la kunasa tope. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Maji yakimbiayo huweza kubeba mchanga, kokoto na vijiti. Yakifika katika shimo pana hupunguza mwendo, na yanapopunguza mwendo huangusha mzigo. Mchanga mzito huanguka kwanza, kisha tope. Maji yaliyopunguziwa mzigo hutoka upande wa pili kwa mlango uliopangwa mawe, yakaingia katika lambo. Udongo mwembamba sana hupita nao, kwa kuwa huo hauanguki ila maji yatulie kwa muda mrefu. Lakini sehemu kubwa ya mchanga hubaki shimoni, mahali ambapo jembe na karai vyaweza kuufikia.

Tatizo la shimo hili ni kwamba linafanya kazi kimya kimya, na kila mwaka linapofanya kazi vizuri ndivyo linavyozidi kujaa. Lambo likikauka kila mtu hulia. Shimo likijaa hapana aliaye, kwa sababu maji bado yanapita juu yake na kwenda lambo, tena yanapita kwa urahisi zaidi kuliko zamani. Si jambo geni kuona mahali ambapo shimo lilichimbwa miaka mingi iliyopita na sasa pamekuwa uwanja tambarare ulioota nyasi, na vijana wanaochunga mbuzi hapo hawajui kwamba wanasimama juu ya shimo.

Katika mwaka wa kawaida, wakati nyasi na vichaka vimefunika kilima, shimo lililojaa nusu laweza kuvumilika. Mwaka ambao kilima kimechomwa ni habari nyingine. Ardhi isiyoguswa na moto ina nguo tatu: majani ya miti, nyasi, na tabaka la majani yaliyooza chini. Tone la mvua hupokewa na nguo hizo moja baada ya moja, hata likifika chini limekwisha nguvu, likanywewa polepole. Moto ukipita, nguo zote tatu huvuliwa kwa siku moja. Hapo tone hupiga udongo mtupu, chembe zikaruka na kuziba vitundu vidogo ambavyo maji yangeingia, na mvua isipoweza kuingia chini hukimbia juu. Tena wataalamu wameona kwamba mahali moto ulipokuwa mkali, hasa palipolundikwa magogo, mvuke wa mafuta ya mimea huingia udongoni na kupoa huko, nao udongo ukaanza kuyakataa maji kama yakataavyo jani la mgomba. Mkulima aliyewahi kumwaga maji juu ya jivu la zamani na kuyaona yakijikunja vidonge vidonge amekwisha kuliona jambo hili, ijapokuwa hakulipa jina.

Yafaa kupiga hesabu kidogo, maana hesabu huonyesha yale ambayo jicho huyadharau. Ekari moja ni kama mita 4,000 za mraba. Mvua ikiondoa udongo wa unene wa milimita 1 tu katika ekari hiyo, unene ambao hapana mtu auonaye akipita shambani, udongo ulioondoka ni mita 4 za ujazo, sawa na madebe 200 ya lita 20. Basi chukua kilima kilicho juu ya lambo chenye ekari 15 zilizochomwa, na masika moja iondoe unene wa milimita 2. Hayo ni madebe 6,000. Tuseme nusu yake imenaswa njiani na visiki na mabonde madogo. Yaliyobaki ni madebe 3,000 ya tope yanayobisha hodi mlangoni pa lambo.

Kama shimo ni tupu, na lina urefu wa mita 8, upana wa mita 5 na kina cha mita 1 na nusu, litayapokea yote, maana hayo ni mita 60 za ujazo barabara. Kama shimo limejaa nusu, madebe 1,500 yataingia lambo. Kama limejaa kabisa, yataingia yote 3,000. Na kila debe la tope litakalolala chini ya lambo litachukua mahali pa debe la maji. Nyumba itumiayo madebe 5 kwa siku, kwa kunywa, kupika, kuoga na kuwanywesha mbuzi wachache, ingeishi kwa madebe 3,000 muda wa siku 600. Nyumba 10 zingeishi siku 60, na siku 60 ndizo zile za mwisho wa kaskazi, baina ya Januari na Machi, wakati lambo la jirani nalo limekauka. Jua nalo hunyonya sehemu yake, hilo halina ubishi. Lakini jua hunyonya na kuondoka, na tope halitoki ila kwa kufukuliwa.

Si udongo peke yake ushukao. Baada ya moto hubaki magogo yaliyoungua nusu, mizizi, makaa, na mabua ya mwaka uliopita. Vitu hivi huelea. Huja na maji ya kwanza na kujipanga katika mlango wa mawe kama mlango wa zizi, na maji yakikosa njia hupanda juu ya tuta. Tuta la udongo laweza kuzuia maji upande mmoja kwa miaka, lakini halivumilii maji kupita juu yake hata kwa saa chache: hukatwa, na maji yakipata mkato hayaachi mpaka yamekwisha. Hapo kijiji hupoteza lambo zima kwa sababu ya gogo moja, na nyumba zilizo chini ya tuta hupata maji na tope usiku bila taarifa.

Msomaji asiyesadiki nguvu ya maji juu ya mchanga wa nchi hii na aende Marafa, kaskazini ya Malindi, akaone bonde liitwalo Nyari. Wazee husimulia kwamba hapo palikaa watu matajiri waliooga maziwa kwa kiburi, na Mungu akawadidimiza. Wajuao mambo ya ardhi husema ni kazi ya mvua na upepo juu ya mchanga laini, mwekundu, mweupe na wa rangi ya machungwa, uliokatwa na kukatwa tena hata ukasimama kama minara. Yoyote msomaji atakayoyasadiki, bonde bado linaliwa kila masika.

Watu wa mbali nao wamejifunza jambo hili kwa machozi. Nyuma ya mji wa Los Angeles, Marekani, iko milima mikali yenye vichaka vikavu. Mwezi wa Novemba 1933 moto uliteketeza vichaka vilivyo juu ya bonde la Crescenta. Na mvua kubwa ya kuingia mwaka mpya wa 1934 iliteremsha tope, mawe na miti juu ya nyumba, watu zaidi ya 40 wakafa. Baada ya msiba huo serikali ya huko ilizidi kuchimba mashimo makubwa katika midomo ya mabonde ili kunasa tope, nayo leo yapita 100. Kila baada ya moto magari makubwa hupanda kuyafukua hata kama yana tope kidogo tu, kwa maana wamejua kwamba shimo litoshalo mwaka wa kawaida halitoshi mwaka wa moto. Na bado hawajapona kabisa. Moto mwingine ulianza tarehe 4 Desemba 2017 katika sehemu ya Santa Barbara na jirani yake. Alfajiri ya tarehe 9 Januari 2018, wiki 5 tu baadaye, mvua ya kama milimita 13 ilianguka kwa muda wa dakika 5 juu ya mji mdogo wa Montecito. Mashimo yaliyokuwa juu ya mji yalikuwa madogo, yakajaa mara moja, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha.

Wala tope kubwa si la Marekani tu. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko yaliteremka kutoka Mlima Hanang, Tanzania, juu ya mji wa Katesh na vijiji vyake, yakaua watu zaidi ya 80. Hapo hapakuwa na habari ya moto, ila mvua kubwa juu ya mlima mkali. Vilima vya Ganze na Magarini si Hanang, na hapana haja ya kuwatisha watu kwa msiba wa wengine. Linalofaa kuchukuliwa ni ule muda wa wiki 5. Mkulima achomaye katikati ya Machi naye ana wiki chache kama hizo mpaka mvua za Aprili, na baada yake hufuata Mei, mwezi wa mvua nyingi kuliko yote pwani hii.

Basi kwa nini mashimo hayafukuliwi? Si uvivu, kama wasemavyo wengine walioketi ofisini. Kwanza, huo ndio wakati wa kutayarisha mashamba, na mkono mmoja haushiki majembe mawili. Pili, na hili ndilo kubwa, wachomao juu na wanywao chini mara nyingi si watu wamoja. Likiitwa baraza la lambo, maneno husikika namna hii. Watu wa bondeni husema, "Tope hili ni lao, wao ndio waliochoma, na waje wafukue." Watu wa kilimani hujibu, "Lambo ni lenu, mbuzi wetu hunywa kwengine. Kila mtu na asafishe mlango wake." Chifu husikiliza pande zote mbili, baraza huahirishwa mpaka wiki ijayo, na wiki ijayo mvua hunyesha.

Yafaa pia kusemwa kwamba katika mabaraza mengi ya namna hii wasemao ni wanaume, na wachotao maji ni wanawake. Mwanamke ashukaye lambo kila siku huona tope linavyosogea mguu kwa mguu. Anajua jiwe alilokuwa akisimama mwaka juzi na ambalo sasa limefukiwa. Kama angeulizwa yeye, pengine tarehe ya kufukua isingepita.

Kwa kweli pande zote mbili zina haki, na zote mbili zinakosea katika jambo moja: kulihesabu tope kuwa ni uchafu. Tope lililolala shimoni ndilo lililokuwa ngozi ya shamba la juu, ile ngozi nyeusi yenye jivu, majani yaliyooza na samadi ya mbuzi, ambayo ndiyo ilistawisha mahindi. Mkulima wa kilimani aliyepoteza madebe 6,000 hakupoteza mchanga tu. Alipoteza chakula cha mimea yake, na mwaka wa tatu atashangaa kuona mahindi mafupi, halafu atakwenda kuchoma pahali pengine. Mahali watu walipoelewana juu ya jambo hili, mapatano huwa rahisi: watu wa juu huja kufukua pamoja na watu wa chini, na tope lililo jema huwa mali yao kulirudisha mashambani. Mchanga mtupu, ambao haufai kwa kilimo, hubaki kwa watu wa lambo, nao waweza kuutumia kwa kujengea.

Wazee wana sababu nyingine ya kuishuku kazi ya namna hii, nayo haifai kufichwa. Neno la kuhifadhi udongo liliingia nchini likiwa na kiboko nyuma yake. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilianza kuwauza kwa nguvu ng'ombe wa Wakamba katika Machakos, ikisema kwamba wamezidi na wanaiharibu ardhi. Wakamba kwa maelfu walikwenda Nairobi kutaka kuonana na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa mbali na kwao, mpaka Lamu, katika pwani hii hii. Lakini uuzaji wa nguvu uliachwa. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta, nao walichimba kwa chuki. Ajabu ni kwamba baada ya uhuru wa 1963 Wakamba hao hao waliendelea kuchimba matuta kwa hiari yao, katika vikundi vyao vya mwethya, wengi wao wakiwa wanawake, hata leo vilima vya Machakos vimepambwa kwa matuta kuliko wakati wa amri. Watu hawakuwa wakiuchukia udongo wao; waliichukia amri.

Machakos yaonekana ni mbali na Malindi, lakini maji hayajui mipaka ya wilaya. Mto Sabaki huanzia nchi za juu karibu na Nairobi, ukiitwa Athi, hupita Ukambani, ukutanapo na Mto Tsavo huitwa Galana, na ukaribiapo bahari huitwa Sabaki, ukaingia baharini baina ya Malindi na Mambrui. Udongo wa mashamba yote hayo huja nao. Wakati wa kusi mkondo huupeleka upande wa kaskazini, na wakati wa kaskazi huurudisha kusini, ndiyo maana baada ya mvua za vuli bahari ya Malindi huwa nyekundu kama chai ya maziwa, na ufuo wake umepanuka kuelekea baharini kwa mchanga uliolundikwa. Mwaka 2007 wataalamu walitoa habari ya tumbawe moja kubwa la Malindi, lenye umri wa miaka kama 300. Tumbawe huongeza tabaka kila mwaka kama mti uongezavyo duara, na ndani ya jiwe lake hubaki alama ya madini ya bariumu yaletwayo na udongo wa mto. Toka 1700 hadi 1900 alama hiyo ilikuwa karibu sawasawa. Baada ya 1900 ikaanza kupanda, na kupanda, kwa kadiri watu walivyozidi na nchi ya juu ilivyolimwa.

Hapana shimo la kutosha kunasa tope la Sabaki. Mto mkubwa hivyo huwezi kuufukua kwa karai, na mvuvi wa Malindi aonaye matumbawe yakifunikwa hana baraza la kwenda kudai. Lakini lambo la kijiji lina kilima kimoja juu yake, na wenye kilima hicho wanajulikana kwa majina, tena hukutana sokoni. Hiyo ndiyo nafuu ya mahali padogo.

Kazi yenyewe haihitaji mtambo. Mtu mmoja mwenye nguvu, akiwa na sururu, sepetu na karai, aweza kuchimba na kuondoa kama mita 2 za ujazo kwa siku ikiwa tope limekauka. Shimo la mita 60 ni kazi ya mtu mmoja kwa siku 30, au ya watu 15 kwa siku 2. Wagiriama wana desturi ya mweria, ambapo watu hukusanyika kumsaidia mmoja wao kwa kazi ya shamba na kula pamoja baadaye. Shimo la lambo lingefaa kuhesabiwa kama shamba la watu wote. Lakini tope likishaingia lambo lenyewe, hesabu hubadilika. Humo haliwezi kufikiwa mpaka lambo likauke, limetandazwa mahali papana, na mara nyingi huishia kutafutwa tingatinga kwa fedha ambazo kijiji hakina, au kuandika barua kwa serikali ya kaunti na kungoja jibu.

Siku ya kuanza si ya kalenda. Huanza mara shamba la mwisho lililo juu ya lambo linapochomwa, na kabla ya wingu la kwanza. Kufukua kabla ya moto ni nusu ya kazi, kwa kuwa jivu na magogo bado hayajashuka, na upepo wa kaskazi nao huyasukuma kidogo kidogo hata bila mvua. Kufukua baada ya mvua ya kwanza ni kuchelewa, maana tope bichi ni zito mara mbili na hushika sepetu kama ugali. Kwanza yaondolewe magogo, si ya shimoni tu bali na yale yaliyo njia ya maji juu yake kwa hatua 100 hivi. Kuni hizo hazitakosa mwenyewe. Kisha mlango wa mawe usafishwe, na mawe yaliyoanguka yarudishwe. Ndipo tope lichimbwe.

Hapa watu wengi hukosea. Hulichimba tope kwa taabu, halafu hulitupa ukingoni mwa shimo, upande wa juu, kwa sababu ndio ulio karibu. Mvua moja hulirudisha lote. Lipelekwe mashambani, au chini ya tuta mbali na njia ya maji.

Jambo la pili ni la hatari. Tope la shimoni hukauka juu na kupasuka vipande kama vigae, na mtu hudhani limekauka lote. Chini yake lingali laini. Ng'ombe amekwisha kuzama mahali pa namna hiyo, na mtoto aweza kuzama upesi zaidi. Basi lijaribiwe kwa mti mrefu kabla mtu hajaingia, wachimbaji waanze pembeni na kuendelea kwa ngazi, na kuta za shimo zilazwe mshazari, zisisimame wima hata zikamwangukia mtu. Watoto wasiletwe kazini hata kama mikono ni michache. Kazi ikiisha, shimo lizungushiwe miiba.

Kilimani nako kuna jambo dogo lisilomgharimu mkulima chochote. Achomapo, aache utepe wa nyasi usiochomwa wa hatua 10 baina ya shamba lake na njia ya maji, na magogo yasiyoungua ayalaze kukata mteremko, si kuufuata. Utepe huo hunasa udongo kabla haujafika shimoni. Mahali pengine hupandwa nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake huingia chini sana na ng'ombe hawazipendi. Nazo hufaa, ila zahitaji miaka 2 au 3 kushika, na masika ya mwaka huu hayangojei.

Mwisho ni ule mti wa kupimia. Usimikwe mti imara katikati ya shimo lililofukuliwa, umechorwa alama tatu kwa rangi au kwa panga, ya kwanza robo ya kina, ya pili nusu, ya tatu robo tatu. Mtu mmoja apewe kazi ya kuusoma, na afadhali awe mmoja wa wale wachotao maji, kwa kuwa hupita hapo kila asubuhi. Usomwe baada ya kila mvua kubwa, kabla ya majembe kushikwa. Tope likifika alama ya pili, watu waitwe tena, hata kama ni siku ya kupanda.